Baada ya baipasi ya moyo, tuulize saa

Mhariri,

Mgonjwa wa Mtwara au Lindi anayehitaji baipasi ya moyo husafirishwa hadi Dar es Salaam, mara nyingi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Akifariki huko, msibani husikika kauli mbili: "kazi ya Mungu" au "madaktari wamemuua". Zote mbili hutamkwa kabla mtu hajauliza nini kilitokea, na kilitokea saa ngapi.

Baipasi haizibui mshipa wa moyo ulioziba. Daktari huchukua mshipa wa mguuni, wa mkononi au wa ndani ya kifua, akautumia kupitisha damu pembeni ya palipoziba. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno, na kwa kawaida moyo husimamishwa huku mashine ikisukuma damu kwa niaba yake. Kazi nzima huchukua saa 3 hadi 6. Hata ikifanywa kwa usahihi, na bila dharura, mgonjwa 1 hadi 3 kati ya 100 hufariki. Mmoja au wawili hupata kiharusi. Kati ya 20 na 40 moyo wao hupiga ovyo kwa muda, hasa kuanzia siku ya pili. Mwenye kisukari, figo dhaifu au mvuta sigara yuko hatarini zaidi, na anastahili kuambiwa hivyo yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Dole gumba bila maelezo si ridhaa.

Kwa hiyo kifo au kidonda pekee hakithibitishi uzembe. Chukua mfano wa mirija inayotoka kifuani baada ya upasuaji. Damu hutiririka kwenye chupa yenye alama za mililita, na muuguzi huandika kiasi kila saa. Inapaswa kupungua. Ikizidi mililita 200 kwa saa, saa baada ya saa, daktari lazima aitwe aamue kama kifua kifunguliwe tena. Lakini hatari inayodanganya zaidi ni mrija uliokuwa ukitoa damu nyingi kisha ukanyamaza ghafla. Ndugu wanaona chupa haijai, wanashukuru. Kumbe huenda damu imeganda na kuuziba mrija, na ile inayoendelea kuvuja inajaa kuuzunguka moyo na kuubana: presha inashuka, mapigo yanapanda, mishipa ya shingo inatuna. Kuvuja huko hutokea hata mikononi mwa bingwa. Uzembe ni dalili hizo kuandikwa kwenye faili saa 8 usiku na mgonjwa kuachwa bila daktari hadi saa 12 asubuhi. Kitambaa cha upasuaji kilichosahaulika kifuani ni jambo jingine kabisa. Vitambaa huhesabiwa kabla ya kuanza na kabla ya kufunga, na sioni utetezi wake.

Makosa mengine huanzia huku kwetu. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji ili kupunguza kuvuja damu, lakini aspirini mara nyingi huendelea. Mgonjwa asijisimamishie chochote mwenyewe. Anayeandika rufaa aonyeshe kila dawa na tarehe ya kidonge cha mwisho. Barua isemayo "ugonjwa wa moyo, tafadhali msaidieni" haimsaidii mtu.

Safari ya kurudi nayo ina mambo yake. Kidari huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Basi likisimama Nangurukuru, shuka utembee, maana kukaa muda mrefu hugandisha damu miguuni. Nyumbani, usinyanyue zaidi ya kilo 5. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na gunia la korosho usiliguse kabisa. Kidari kikigonga unapokohoa, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, nenda hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi ya ruhusa. Maambukizi ya mfupa huo hayatibiwi kwa vidonge vya duka la dawa.

Familia yenye shaka ya uzembe iombe uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua huku tunazika haraka, na ni uchungu kungoja, lakini damu iliyoubana moyo huonekana hapo. Iombe pia, kwa maandishi, muhtasari wa matibabu. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linaweza kumwadhibu hata kumfuta kwenye daftari. Fidia ni suala la mahakama. Ikiwa hospitali ni ya serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na siku hizo 90 zipigiwe hesabu mapema. Wakili atakayepokea shauri hilo ataanza kwa kuuliza saa, basi ndugu anayemuuguza mgonjwa awe na daftari: nani aliitwa, saa ngapi, na alifika saa ngapi.

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Masasi, Mtwara