Wanafunzi wa mekatroniki wapewe mashine, si ufagio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani hapa Mafinga, na wazazi huniuliza kama mtoto aliyefaulu fizikia na hisabati asome mekatroniki, fani inayounganisha umakanika, umeme na kompyuta. Nawajibu asome. Kinachonitia shaka ni wapi ataijulia kazi yenyewe.

Mitambo ya siku hizi haitambui mpaka kati ya makanika na fundi umeme. Tazama mashine ya kujaza maziwa. Sensa, yaani kifaa cha kuhisi, inaona chupa imefika, PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mtambo, inafungua vali, hewa ya kompresa inasukuma silinda, mota inavuta mkanda. Mkanda ukisimama, makanika atasema ni umeme. Wa umeme atasema beringi imekwama. Wanabishana weee, kumbe jicho la sensa limezibwa na uchafu. Sisi wa viwanda vya mbao, kwa vumbi letu, tunalijua hilo vizuri. Aliyesoma mekatroniki anaufuata mtambo wote, kuanzia sensa hadi gia, na programu iliyomo anaisoma mwenyewe.

Ila ubao wa darasani pekee haumfikishi huko. Wanafunzi wanaoletwa kwa mafunzo ya vitendo hukaa wiki chache, na wengi huishia kufagia karakana na kutumwa vitumbua. (Vitumbua tunavila, sikatai.) Mameneja wanahofia mtambo kuharibiwa. Ujerumani iliifanya mekatroniki kuwa fani rasmi ya uanagenzi mwaka 1998: miaka mitatu na nusu, mwanafunzi yuko chuoni na kiwandani kwa zamu, na kiwanda kinamlipa.

Hatuwezi kuiga yote. Lakini karatasi inatengenezwa Mgololo, chai Mufindi, saruji Songwe, na Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na chuo cha ufundi cha VETA. Viwanda vichukue wanafunzi kwa muhula mzima. Waanze na mota na paneli kuukuu zilizorundikwa nyuma ya kila karakana: wazifungue, wazifunge, waziwashe. Wakiiva, wawekwe zamu ya usiku na fundi mzoefu, maana mtambo ukigoma saa nane usiku hakuna mtaalamu wa kuitwa kutoka Dar.

Na vyuo vitume walimu waje kuwaona wakiwa kazini, badala ya kupiga simu kuuliza kama mwanafunzi alifika.

Fundi umeme,
Mafinga, Iringa