Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuhusu Vikao, Ada na Uamuzi wa Kuacha Kutoa Alama

Ndugu wanachama,

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha mwaka salama.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kusikiliza albamu za jazi mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Tulipanga vikao 24, vikafanyika 22. Viwili tulikosa umeme. Tumesikiliza albamu 15, kuanzia Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959, hadi ile ya Ezra Collective iliyotwaa tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2023, tuzo ambayo hakuna kundi la jazi lililowahi kuipata kabla yao. Wanachama wapya ni watano. Mmoja alikuja akitarajia Morogoro Jazz na Western Jazz. Nilimweleza kwamba bendi zile zilibeba jina la jazi lakini zilipiga dansi, akabaki, na leo ni miongoni mwa wanaolipa ada. Sindano ya mashine ya santuri ilibadilishwa Juni. Nilitanguliza fedha zangu mwenyewe nikarudishiwa Septemba, na stakabadhi iko kwa mweka hazina. Mashine yenyewe na amplifaya ni mali yangu, na chama hakijawahi kulipia matumizi yake hata senti moja.

Sasa nije kwenye jambo lililotusumbua.

Mwezi Mei nilisimamisha utaratibu wa kuipa kila albamu alama kati ya moja na kumi. Tangu hapo kila albamu inasikilizwa vikao viwili mfululizo, simu zikiwa zimezimwa, na hakuna kutoa hukumu mpaka kikao cha pili. Anayesifu au kuponda anaeleza amesikia nini, katika sehemu ipi, kwa chombo gani. Imesemwa kwamba sikuwa na mamlaka hayo. Kifungu cha 9 cha katiba yetu kinampa mwenyekiti kupanga mwenendo wa vikao, na kamati tendaji iliniunga mkono kwa kura nne dhidi ya tatu. Barua ya wanachama 11 waliopinga uamuzi huo niliipokea na kuijibu ndani ya wiki mbili. Si kweli kwamba niliikalia.

Sababu yangu ni kikao kile cha Aprili. Tulisikiliza Promises, albamu ya mwaka 2021 ya mwanamuziki wa elektroniki Floating Points na mpuliza saksafoni Pharoah Sanders pamoja na okestra ya London Symphony Orchestra. Ni kazi moja ya dakika 46 hivi, yenye sehemu tisa, na karibu muda wote kuna kifungu kidogo cha noti kinachojirudia kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Kufikia sehemu ya tatu watu walikuwa wameshatoa simu. Mmoja aliuliza kwa sauti kibao kitaanza lini. Tulikuwa 16, na wastani wa alama ukawa nne. Nne! Sanders alikuwa na miaka 80 albamu hiyo ilipotoka, na mwaka uliofuata akafariki. Wanaomjua tangu enzi alipopiga na mpuliza saksafoni mwenzake John Coltrane wanajua jinsi saksafoni yake ilivyokuwa ikipiga yowe. Hapa anapuliza taratibu kama anayechagua kila neno, na katika sehemu ya nne anaiweka saksafoni kando na kuguna kwa mdomo wake mwenyewe, sauti isiyo na maneno, karibu kabisa na kipaza sauti. Hakuna aliyeligusa hilo siku ile, kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta namba ya kuandika kwenye karatasi.

Nikairudisha Mei, bila karatasi za alama. Ilipofika sehemu ya nne, mwanachama mmoja mzee, aliyekuwa ametoa alama mbili, aliweka kikombe chake cha chai chini ya kiti na hakukiokota mpaka mwisho. Baadaye alizungumza dakika kumi kuhusu pumzi: kwamba alisikia mahali mpulizaji anapovuta hewa, na kwamba nyuzi za okestra zinaingia palepale anaponyamaza. Ndicho ninachokiita kutathmini albamu. Namba nne isingetufundisha hivyo.

A Love Supreme ya John Coltrane nayo ilinipa uhakika. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, na wengi wetu tulidhani tumeimaliza miaka mingi iliyopita. Katika kikao cha pili ndipo tulipokubaliana kwamba sehemu ya mwisho ina shairi ndani yake: Coltrane analisoma kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kutamka.

Wapo wanaosema uamuzi wangu ndio ulioshusha mahudhurio. Wastani wa Januari hadi Aprili ulikuwa watu 17, na Mei hadi Desemba 15. Tofauti hiyo ni mvua na foleni, naamini hivyo. Na kikao kilichojaa kuliko vyote mwaka huu, watu 29, kilikuwa Agosti, chini ya utaratibu mpya: albamu iitwayo Mwandishi ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyorekodiwa tarehe 31 Desemba 1970. Wanamuziki wale wa Marekani walijipa majina ya Kiswahili: Hancock Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile. Maana ya hilo la Mwile ilitugawa nusu saa nzima. Wimbo wa kwanza unazunguka kwa mapigo 15, na tuliyahesabu kwa kugonga meza, nane kisha saba, tukapotea mara mbili na mara ya tatu tukafika pamoja na besi. Waliokuwepo hawatasahau.

Lakini siwezi kuficha masikitiko yangu. Akidi yetu ni watu 14, na vikao sita havikuifikia. Kikao cha Uhuru Afrika ya mpiga piano Mmarekani Randy Weston tulikuwa tisa. Tisa! Ni albamu iliyorekodiwa Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, na inafunguliwa kwa maneno ya mshairi Mmarekani Langston Hughes yanayosomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga. Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini. Sisi tulishindwa kuijia kwa daladala.

Kuhusu fedha: wanachama ni 41 na ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka, hivyo tulitarajia 4,920,000. Zilizoingia ni 2,310,000. Waliomaliza ni 17, waliolipa nusunusu ni tisa kwa jumla ya 270,000, na 15 hawajatoa chochote, wakiwemo sita waliosaini ile barua. Matumizi ni ukumbi 880,000, santuri na diski 640,000, chai na viti 310,000, sindano 285,000, jumla 2,115,000. Salio ni 195,000.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata chumba cha kudumu, kuwaalika vijana wanaosoma muziki, na hali ikiruhusu kuandaa jioni moja ya wanamuziki wa kupiga laivu. Kamati italiangalia. Utaratibu wa vikao viwili utaendelea, na wenye hoja walete kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza cha Februari. Kikao hicho tutarudia Uhuru Afrika, kwa ajili ya wale 32 ambao hawakuja.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti