Kwa Nini Bastola Yako Mpya Imekuja na Masizi, na Kwa Nini Inakwama

"Mmeniuzia mtumba." Hakuna lalamiko tunalolisikia dukani kwetu mara nyingi kama hili, na karibu kila mara analileta mtu aliyenunua bastola kompakti, yaani fupi, kutoka Ulaya, mpya, na boksi lake na karatasi zake. Amefika nyumbani, amepitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu, kimetoka cheusi. Amegeuza slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikifyatuliwa, akaona pale pini ya kupigia inapochomoza pana kiduara cha masizi chenye wekundu wa shaba. Anapiga simu sauti inatetemeka kwa hasira. Tunamwelewa, maana hiki si kitu mtu anachonunua kwa chenji iliyobaki mfukoni.

Ndugu mteja, masizi hayo yana sababu nzuri. Cheki, Austria, Ujerumani, Italia na Ubelgiji zote ni wanachama wa C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima silaha ndogo iliyoanzishwa mwaka 1914. Kanuni yake ni kwamba silaha ya raia haiendi sokoni kabla haijafyatuliwa kwa risasi za majaribio zenye nguvu kuliko za kawaida. Kwa bastola, mgandamizo wa risasi hizo unazidi kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa asilimia 30. Kiwango cha risasi ya 9×19 (kipenyo cha milimita 9, ganda la urefu wa milimita 19) ni bar 2,350, kwa hiyo mtutu wako umeshavumilia zaidi ya bar 3,000 kabla hujauona. Ukipita ndipo muhuri unagongwa. Utafute muhuri huo kwenye mtutu, slaidi na fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini. Kwenye silaha za Cheki tarakimu mbili za mwaka hugongwa karibu yake. Juu ya hapo, kiwanda nacho hufyatua risasi zake kuona kama bastola inafanya kazi na inapiga panapotakiwa. Bastola ya Ulaya yenye mtutu msafi kama kioo ingetutia wasiwasi zaidi.

Iliyotumika kweli inajisema yenyewe. Rangi ya juu ya mtutu, pale unapofungana na slaidi, inakuwa imelika hadi chuma kinang'aa kwa upana. Reli zina michirizi mirefu. Magazini, yale makasha ya kujazia risasi, zina mikwaruzo pande zote mbili kwa kuingizwa na kuchomolewa, na ukiibonyeza springi yake kwa kidole unasikia imelegea. Ukiwa na shaka, ilete. Tunaiweka chini ya taa na unatazama mwenyewe kwa lenzi, bure.

Lalamiko la pili ni zito zaidi: "inakwama."

Nitaeleza kwa mfano wa familia ya CZ 75 Compact na ndugu yake P-01, kwa sababu ndizo zinazopita mezani kwetu kwa wingi, lakini mengi ya hapa yanaihusu bastola fupi yoyote. CZ 75 kubwa, iliyobuniwa na František Koucký, ina mtutu wa karibu milimita 120. Kwenye kompakti umepunguzwa hadi karibu milimita 95. Slaidi nayo imepungua urefu na uzito, na safari yake ya kurudi nyuma imekuwa fupi. Lakini risasi ni ileile ya 9×19, haikupunguzwa chochote. Kwa hiyo ndani ya safari fupi ganda linatakiwa litolewe, magazini ipandishe risasi nyingine, na slaidi irudi kuifunga chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Bastola kubwa husamehe springi iliyochoka kidogo au mkono uliolegea. Kompakti haisamehi, na huo ndio msingi wa karibu kila ugomvi wetu na wateja.

Kuna mzee mmoja, mlengaji wa siku nyingi, aliyenunua kompakti ya chuma tupu, ile ya karibu gramu 920. Vidole vyake vina maumivu ya viungo, kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma, kukamshinda. Ni kweli kwamba kwenye bastola hizi slaidi hupita ndani ya reli za fremu, wakati nyingi hupita nje, na hivyo sehemu ya kushika ni nyembamba. Mpwa wake akaona suluhisho ni dogo: akakata mizunguko miwili ya springi ya kurudishia kwa koleo. Slaidi ikawa laini, mzee akafurahi. Alipokuja kwetu, kishikilia slaidi kilikuwa kimekatika katikati ya pini yake, na kwenye fremu, pale slaidi inapogota, chuma kilikuwa kimevimba na kupinda ukingo. Springi ndiyo inayokula nguvu ya mrudisho. Ukiipunguza, nguvu hiyo haipotei, inahamia kwenye fremu, na fremu ndiyo yenye namba ya usajili. Kishikilia slaidi tunakibadilisha kwa dakika chache. Fremu huibadilishi bila kuanza upya habari ya vibali.

Na dawa ya tatizo la mzee haikuhitaji kifaa chochote. Bastola hii ina nyundo ya nje. Ikielekezwa upande salama, kidole kikiwa mbali na triga, vuta kwanza nyundo nyuma kwa kidole gumba, halafu ndipo ukoki. Slaidi haina tena kazi ya kuisukuma nyundo, na sehemu kubwa ya ule ugumu inaondoka. Halafu shika slaidi kwa kiganja kizima, iache ikae palepale, na usukume fremu mbele kwa mkono wenye nguvu. Tulimwonyesha mzee kwenye bastola ya mazoezi akafanya mwenyewe, tena na tena, akatutazama bila kusema neno. Hili tunamwonyesha kila mnunuzi anayekubali kukaa nasi kidogo. Wengi wanasema wana haraka.

Springi yenyewe ni kipuri cha kubadilisha, kama breki za gari. Kwenye kompakti tunashauri ibadilishwe kati ya risasi 3,000 na 5,000. Andika hesabu ya risasi zako kwenye daftari. Springi halisi inayolingana na modeli yako haina bei ya kutisha, na tunapokataa kufunga ile uliyoagiza mtandaoni "inayofanana", si kwa sababu tunataka ununue kwetu. Tumeshazipima. Urefu unaweza kufanana kabisa, unene wa waya usifanane.

Sasa risasi. Mteja mwingine alirudisha P-01 akisema haitoi maganda, anataka fedha zake. Tulimwomba boksi la risasi. Limeandikwa milimita 9, ni kweli, lakini zilikuwa 9×17, zile wengine wanaziita 9 mm Kurz au .380. Kipenyo cha kichwa ni karibu sawa, ganda ni fupi kwa milimita mbili. Ndani ya chemba ya 9×19 ganda hilo halifiki pale linapotakiwa kuegemea. Linaning'inia kwenye kikucha cha kutolea maganda tu. Wakati mwingine linafyatuka, lakini nguvu yake haitoshi kuirudisha slaidi, na maganda aliyokuja nayo yalikuwa yametanuka mdomoni kama tarumbeta. Ipo pia 9×18 Makarov, ambayo kichwa chake ni kinene zaidi, karibu milimita 9.27, na mtutu wa 9×19 hautakiwi kuuona kabisa. Usinunue risasi kwa kusoma "9 mm" peke yake. Soma tarakimu zote mbili, kisha zilinganishe na zilizochorwa kwenye mtutu wako. Bastola ilikuwa nzima. Ada ya ukaguzi tulimtoza, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Kuhusu risasi zilizojazwa upya nyumbani nitasema moja tu, kwa sababu nimeyaona matokeo yake kwa macho. Ukisikia mlio hafifu, mrudisho dhaifu, acha hapo hapo. Usikoki tena. Inawezekana ganda lilikosa baruti, fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, peke yake ikakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikabaki humo. Risasi ya pili ikikifuata, mtutu unavimba. Mtutu wa namna hiyo tulio nao kwenye kabati, ukiutazama kwa ndani dhidi ya mwanga, una pete nyeusi moja iliyokamilika, na kwa nje ukipitisha kucha unasikia kinundu. Mwenye bastola hiyo alipona na vidole vyake vyote. Alikuwa amesikia ule mlio, akadhani ni bastola imekwama "kama kawaida yake".

Magazini ndiyo mkosaji mkubwa kuliko wote, na ndiyo inayosahauliwa. Midomo yake ya juu ikipinda hata kidogo, pua ya risasi inapanda vibaya. Watu wanaziacha zidondoke kwenye zege wakifanya mazoezi ya kubadilisha haraka, kisha wanalaumu bastola. Weka namba kwa rangi kwenye kila magazini. Ikikwama, andika namba. Mara nyingi utagundua ni moja tu inayokuharibia siku, na utakuwa umejiokolea ada yetu.

Mafuta nayo. Bastola mpya inakuja na mafuta ya kuhifadhi, mazito, ya kuzuia kutu safarini na bohari. Yafute kabla ya kufyatua, weka ya kulainisha kidogo kwenye reli na juu ya mtutu. Isipokuwa ile grisi ya rangi ya shaba ambayo Glock huiweka kwenye reli, hiyo iache, inasaidia wakati chuma kinazoeana. Na tafadhali, yale mafuta ya kunyunyizia ya kufungulia nati zilizoshika kutu si mafuta ya bastola. Yanakauka na kuacha utando unaonata. Tumefungua slaidi moja ambayo njia ya pini ya kupigia ilikuwa imejaa ugoro mweusi wa mafuta hayo na unga wa shaba, pini inasogea kwa uvivu, fataki inaguswa tu badala ya kupigwa. Njia hiyo inatakiwa kuwa kavu. Mwenye nayo alikuwa akiinyunyizia kila Jumapili kwa mapenzi.

Mazoezi ya kufyatua kavu, yaani bila risasi, ni mazuri, tunayashauri, lakini kwenye modeli za CZ 75 zenye kizuizi cha pini kuna kipini kidogo kinachoishikilia pini ya kupigia, na nyundo ikipiga mara elfu juu ya chemba tupu kipini hicho kinakatika. Tumia risasi bandia za mazoezi. Zina springi au mpira mahali pa fataki, zinapokea pigo.

Kinachotukasirisha kweli ni kupiga tupa kwenye triga. Mtu ametazama video, anataka triga nyepesi, anasugua pale nyundo inapokamatwa. Pale mgusano ni mdogo sana, na uso wake umekazwa kwa joto. Ukipita ngozi hiyo ngumu, chuma laini cha ndani kinalika siku chache. Tuliletewa moja ambayo ilifyatua risasi mbili kwa kuvuta triga mara moja, uwanjani, watu wakiwa kando yake. Mwenye nayo alituomba "tuirekebishe kidogo tu". Hatukurekebisha. Tulibadilisha nyundo na kikamatio chake, vyote vipya, na tuliposema bei akasema sisi ni wezi. Bei ile ilikuwa ya vipuri viwili halisi pamoja na siku nzima ya fundi kuvilinganisha, kuipima kila hatua, kujaribu usalama wake kwa kuigonga ikiwa tupu, kisha kuifyatua uwanjani kwa magazini yenye risasi mbili mbili kabla ya kuijaza. Hatutapunguza hata hatua moja kati ya hizo ili bei ishuke.

Ndiyo maana tunatoza ukaguzi hata tusipobadilisha kipuri. Tunapima mtutu, chemba, urefu na nguvu ya springi, mvutano wa kikucha, kina cha pigo la pini kwenye fataki, midomo ya kila magazini. Kisha tunafyatua risasi zetu zilizo nzuri, halafu zako. Anayesema "mmeisafisha tu" hajaona lile karatasi la vipimo tunaloliweka ndani ya boksi lake. Lisome.

Ukiileta, usiisafishe kwanza. Uchafu unatuonyesha gesi ilipita wapi na chuma kinasuguana wapi, na bastola iliyong'arishwa kwa ajili yetu huongeza muda wa kutafuta, yaani hela yako. Ije tupu, magazini ikiwa nje, ndani ya kasha lililofungwa, pamoja na kibali chako. Leta magazini zote, siyo ile unayoipenda, na risasi zilizobaki kutoka boksi lilelile lililokwama. Na kama umeokota maganda, hata matano, yaweke kwenye bahasha uje nayo. Tutayatazama kabla ya kuigusa bastola yenyewe.