Kuwasimulia watoto Kilwa Kisiwani kupitia watu wake

Ndugu wanakikundi,

Katika ziara ya watoto Kilwa Kisiwani, naomba tusianze na orodha ya masultani, bali tuwaongoze ndani ya Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale la sultani, tukiwauliza ni nani aliyechonga mawe ya matumbawe, aliyechoma chokaa, na aliyejaza maji lile birika la pembe nane. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu, atajwe baada yao. Majina ya mafundi na watumwa hatunayo, nasi tusiyabuni. Tueleze kazi zao kama kuta zinavyozionyesha. Picha za sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa zitolewe mwishoni, maana zikionekana mapema (mnawajua watoto) hakuna atakayesikiliza jambo lingine.