Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi wa kaunti yetu: barafu, au ufunguo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, kwenye ile bandari ndogo ya wavuvi uliyokuja kuzindua mtambo wa barafu. Sina haja ya kuitaja, waijua. Ulikata utepe, ukapigwa picha, ukala samaki wangu na ukausifu mkono wangu.

Juzi Jumanne bahari ilitupa samaki, vibua. Kaskazi imetulia, mashua zilirudi zimelemewa. Kufika adhuhuri vibua vimelegea, macho yameingia ndani, matumbo yanapasuka ukivishika. Jioni vijana walichimba shimo mchangani wakafukia. Mtambo wako upo hapo hapo, una kufuli, na ufunguo hakuna ajuaye uko kwa nani.

Utaambiwa ningevikaanga tu. Kibua kikipigwa na jua kutwa hufanya sumu, na mafuta yachemke vipi hayaiondoi. Mteja akila, uso unamwiva, mwili unamwasha, kesho yuko mlangoni kwangu. Mimi nauza kitoweo, siuzi maradhi.

Kila mkutano mwatwambia samaki wamepungua. Sikatai. Juya, ule wavu wa kukokota ufuoni, lilipigwa marufuku 2001 na hadi leo lavutwa, wala sitawatetea wanaolivuta. Lakini Jumanne samaki walikuwepo, tele! Kilichokosekana si cha Mungu, ni cha binadamu. Samaki huja bure mpaka ufuoni, kuanzia hapo kila kitu ni gharama ya mtu: petroli, kuni, mafuta, nauli. Mvuvi amekopeshwa wavu na tajiri, kwa hivyo humuuzia tajiri, kwa bei ya tajiri. Na sisi wengine? Saa tatu asubuhi kibua kina bei. Saa saba wambembeleza mtu akuondolee. Tajiri ana friza yake. Yeye huketi kivulini akangoja tuchoke.

Mwaka 2018 dunia nzima ilikuja Nairobi kuzungumzia uchumi wa buluu, yaani wa bahari na maziwa, tuliwaona kwenye runinga. Tangu hapo kila mgeni anayetufikia ana buluu mdomoni na mashine za boti za kugawa. Mashine nzuri, ahsanteni, ila zaleta samaki wengi zaidi kwenye jua lile lile. Na mama karanga hapewi mashine. Hupewa semina, na soda moja.

Nasikia mtambo wataka umeme wa fezi tatu na sisi tuna moja. Wengine wasema ni bili. Mwengine aliapa kuna kipuri kiko melini. Labda wote ni wakweli. Wewe ulisema "mwezi mmoja", mbele ya mwenyekiti wa BMU, chama chetu cha kusimamia ufuo, na katibu akaandika kwenye daftari lake. Kusi nzima imekuja ikapita.

Nyumbani kwangu ada ya shule hutoka karaini. Wiki hii karai limeinamishwa, na mwenye duka ashaanza kuniuliza mafuta yake. Barafu ya mjini naiagiza kwa bodaboda, ikifika nusu ni maji na nauli haipungui hata shilingi.

Nilikuwa nimekuandikia mengine: banda lenye paa, maji safi ya kuoshea samaki, mikopo ya kina mama. Nimeyafuta, nisije nikakuchosha. Washa mtambo. Kama umeme haupo, leta jenereta. Kama jenereta ni ghali, tuma lori la barafu angalau mara mbili kwa wiki kabla kaskazi haijaisha. Na kama hilo nalo lataka kamati, basi tupe ufunguo. Kanuni za 2007 zilizounda BMU zilitupa sisi usimamizi wa bandari, na fundi tutamtafuta wenyewe kwa michango.

Ufunguo, Mheshimiwa. Hata kwa bodaboda utafika, huo hauyeyuki.

Wako mtiifu, bado,
Mama karanga