“Run” haikimbii kila mahali

Mhariri,

Katika maneno mafupi ya Kiingereza yanayoharibu habari zinazotafsiriwa kwa haraka, “run” halina mpinzani. Linaponza kwa sababu kila mtu anaamini analijua: alifundishwa utotoni kwamba ni kukimbia, basi hafungui kamusi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, walihesabu maana 645 za kitenzi chake peke yake. Kamusi hiyo hupanga maana kwa historia, ya kale kwanza, kwa hiyo anayechukua maana ya juu na kuondoka amechukua ya zamani, si lazima iwe inayotakiwa.

Cha kuangalia kwanza ni kitu gani kina-“run”. Mto hutiririka. Nguo huchuja rangi. Mkataba hudumu hadi mwaka fulani, barabara hutoka hapa hadi kule, mfumuko wa bei hufikia asilimia fulani. Injini ndiyo inayochekesha, kwa sababu “leave the engine running” huambiwa dereva aliyesimamisha gari. Kiswahili chake ni “usizime injini”: wakati mwingine tafsiri safi hupatikana kwa kukanusha kinyume chake.

Kisha tazama kinachofuata. Kampuni huendeshwa, kipimo hufanywa, habari huchapishwa, urais huwaniwa, na mgonjwa anaye-“run a temperature” ana homa, basi. Sisi wenyewe tunapiga simu, kura na picha, na hakuna anayedhani pasi inachapwa tukisema tunapiga pasi.

Vijineno vinavyoandamana nalo ndivyo vyenye kazi kubwa. Kiswahili huubeba mzigo huo ndani ya kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza. Kiingereza huuweka nje, kwa “away”, “to” na “after”, na mfasiri asiyevitazama hujikuta ameandika kwamba mwizi aliyekuwa akikimbizwa ndiye aliyekuwa akikimbiza. “Run out of” ni kuishiwa, “run over” ni kugonga au kukanyaga kwa gari. “Run into” inataka umakini zaidi: ikifuatwa na rafiki ni kukutana naye kwa bahati, ikifuatwa na ukuta ni kuugonga, na madeni yanayo-“run into millions” yamefikia mamilioni.

Likiwa nomino, maneno ya jirani ndiyo yanayoamua. Machi 9, 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa. Hiyo ni “bank run”. Ukiandika “mbio za benki”, msomaji atadhani kulikuwa na mbio za hisani. Andika kwamba wateja walikimbilia kutoa fedha zao. “Print run” ni idadi ya nakala zinazochapwa kwa mkupuo mmoja. “Run-off” kwenye uchaguzi ni duru ya pili, lakini kwenye habari za mafuriko ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kufyonzwa. Hata lisipokuwa nomino, jirani huamua: “third day running” ni siku ya tatu mfululizo, hata kama hakuna aliyenyanyua mguu.

Kosa linaloweza kumdhuru mtu liko kwenye habari za afya. “Running water” katika maelezo ya nyumba ni maji ya bomba. Katika maelekezo ya kunawa mikono au kupoza palipoungua ni maji yanayotiririka, na yakimiminwa kutoka kwenye jagi yanatosha kabisa. Ukiandika “maji ya bomba”, asiye na bomba atadhani maelekezo hayamhusu na atatumbukiza mikono kwenye beseni, jambo ambalo mwandishi alitaka kulizuia.

Programu za kutafsiri hujitahidi zikipewa sentensi nzima. Zikipewa kichwa cha habari huteleza, kwa sababu vichwa vya Kiingereza huacha vijineno kama “is” na “the”, ambavyo vingeonyesha kama neno ni kitenzi au nomino. Dawa yake ni kutafsiri kichwa mwisho, baada ya kumaliza aya mbili tatu za mwanzo.

Na anayekagua kazi kwenye kompyuta kabla haijaenda mtamboni asitafute “run” peke yake. Ataipata “running”, lakini “ran” itampita, nayo ndiyo iliyojaa kwenye habari, kwa kuwa habari nyingi husimulia yaliyokwisha kutokea.

Mfasiri na msomaji wako