Goti la Gabriel Jesus lisiwe kipimo cha thamani yake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala ambao sisi mashabiki wa Arsenal hapa Tanga tumekuwa nao kwa misimu kadhaa sasa, unaohusu thamani ya mshambuliaji Gabriel Jesus. Kila ninapokwenda kutazama mechi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, jina lake likitajwa tu watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema ni fundi ambaye hakujaliwa mwili wa kuhimili Ligi Kuu ya England, na wapo, tena ndio wengi, wanaosema klabu ilitupa fedha ilipomnunua kutoka Manchester City mwezi Julai 2022 kwa takriban pauni milioni 45. Mimi siko na hao wa pili, na hata hao wa kwanza sikubaliani nao sana, kwa sababu wote wanamtwika mchezaji mzigo ambao kwa maoni yangu ni wa viongozi wanaopanga kikosi.

Tukumbuke alivyoanza. Arsenal walipokwenda mapumziko ya Kombe la Dunia mwaka 2022 walikuwa wanaongoza ligi kwa tofauti ya pointi tano, na kila aliyetazama mechi zile aliona jinsi Jesus alivyokuwa akiwabana mabeki wasipate hata nafasi ya kuinua kichwa, akirudi kuchukua mipira katikati na kuwafungulia njia mawinga Saka na Martinelli. Akaumia goti nchini Qatar katika mechi ya Brazil dhidi ya Cameroon, akafanyiwa upasuaji, na hakurudi uwanjani hadi mwezi Machi. Alimaliza msimu akiwa na mabao 11 katika mechi 26 za ligi, na Arsenal wakamaliza nafasi ya pili, nyuma ya Manchester City kwa pointi tano. Msimu uliofuata alifunga manne tu katika ligi, goti likiwa bado linamsumbua, na hapo ndipo wengi wetu tulipomkatia tamaa.

Lakini ni Desemba 2024 ninayotaka wasomaji waifikirie kwa makini. Tarehe 18 alifunga mabao matatu dhidi ya Crystal Palace katika Kombe la Carabao. Siku tatu baadaye, dhidi ya Crystal Palace hao hao kwenye ligi, akafunga mawili katika ushindi wa 5-1, na siku ya Mwaka Mpya akafunga tena ugenini kwa Brentford. Pale kibandani watu wale wale waliokuwa wakimwita kioo, kwamba akiguswa anavunjika, walikuwa wanasimama juu ya mabenchi kumshangilia. Kisha ikaja Januari 12, 2025, mechi ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United. Kabla ya mapumziko Jesus alikaa chini akishika goti la kushoto, machela ikaletwa, na kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema kwa sauti, "Nilijua tu huyu mgonjwa hamalizi." Hakuna aliyemkemea, nami nikiwemo, na jambo hilo limeniuma hadi leo. Kumbe kano ya goti ilikuwa imechanika. Ilipita takriban miezi 11 kabla hajacheza tena.

Sasa naomba tujiulize kilichofuata baada ya machela kutoka. Dirisha dogo la usajili lilikuwa bado wazi kwa zaidi ya wiki mbili, Arsenal wakalifunga bila kusajili mshambuliaji hata mmoja, na hivyo kazi yote ya kufunga ikabaki kwa Kai Havertz, ambaye naye mwezi Februari aliumia nyama za paja kambini Dubai. Katika mechi dhidi ya Leicester ilibidi kiungo, Mikel Merino, aingizwe kucheza namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, na ni yeye aliyefunga mabao yote mawili katika dakika kumi za mwisho. Lilikuwa jambo la kishujaa, lakini timu inayotaka ubingwa haiwezi kuishi kwa namna hiyo. Arsenal walimaliza msimu huo na sare 14, wakiwa nyuma ya Liverpool kwa pointi kumi. Mimi nazihesabu sare zile katika daftari la waliokuwa na wiki mbili za kutafuta mtu na hawakumleta. Wala haikuwa siri kwamba Jesus ana historia ya goti. Klabu yenye madaktari, wataalamu wa viungo na kumbukumbu za kila mazoezi ilijua kuliko sisi wa kibandani, na ilijua tangu 2022.

Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mjadala huu tuliwahi kuwa nao kuhusu Robin van Persie. Alikuja Arsenal mwaka 2004, na kwa misimu mingi tulimwona zaidi akiwa jukwaani kuliko uwanjani. Novemba 2009 aliumia kifundo cha mguu akiichezea Uholanzi dhidi ya Italia, akakaa nje miezi mitano, na tukasema yale yale tunayosema leo. Msimu wa 2010/11 alicheza mechi 25 tu za ligi, lakini alifunga mabao 18, na hiyo peke yake ilitosha kutufundisha kwamba mechi alizokosa mtu hazielezi thamani yake yote. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 38 akafunga mabao 30. Tulikuwa tumemvumilia miaka minane, kisha mwaka 2012 akauzwa Manchester United kwa pauni milioni 24. Huko nako alicheza mechi zote 38, akafunga 26, na mabao yake matatu dhidi ya Aston Villa mwezi Aprili 2013 ndiyo yaliyowapa Mashetani Wekundu ubingwa wao wa 20. Usiku ule sikula.

Najua nitajibiwa kwa jina la Daniel Sturridge, na jibu hilo ni la haki. Liverpool walimsubiri sana. Msimu wa 2013/14 alifunga mabao 21 katika mechi 29 za ligi, kisha majeraha, likiwemo la paja, yakamwandama, na msimu uliofuata akacheza mechi 12 tu. Hakuwahi tena kuwa yule tuliyemjua. Kwa hiyo sisemi kwamba kila mwenye jeraha atageuka Van Persie, wala sisemi asubiriwe milele. Ila tuangalie Liverpool walifanya nini mwaka ule. Walimuuza Luis Suarez, wakambakisha Sturridge ambaye mwili wake ulijulikana, wakamleta Mario Balotelli aliyefunga bao moja tu la ligi, na timu ikashuka kutoka nafasi ya pili hadi ya sita. Sturridge angecheza au asingecheza, timu iliyojengwa juu ya paja la mtu mmoja ilikuwa inasubiri paja hilo.

Mheshimiwa Mhariri, nasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nilicheza namba tisa katika ligi ya wilaya, miaka ya tisini. Siku goti lilipoteguka nilisikia mlio ndani yake kama mti mkavu wa muhogo unapokatika. Timu haikuwa na mshambuliaji mwingine, kwa hiyo baada ya wiki tatu tu za kuchuliwa dawa na kufungwa bandeji viongozi walinirudisha uwanjani, na mimi nilikubali kwa sababu mashabiki walikuwa wameanza kuniita mvivu. Dakika ya ishirini nilipokuwa nageuka, bila mtu yeyote kunigusa, goti liliondoka tena. Sikucheza tena, na hadi leo nikishuka ngazi nashuka ubavuubavu nikishika ukuta. Kwa hiyo ninapomsikia kijana aliyechaniwa mkeka wake wa kubeti akimtukana mchezaji kwa kuumia, kana kwamba mtu huchagua kuumia, najua anamtukana nani.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kurasa zenu za michezo zinapoandika kwamba mshambuliaji fulani amekosa mechi kadhaa, waandishi waandike pia alifunga mangapi katika dakika alizocheza, na wataje ni nani klabu ilimweka nyuma yake wakati ikijua hali ya mwili wake. Kwa Jesus, mwezi Januari 2025, jina hilo lilikuwa moja tu, nalo likaumia Dubai.

Wako,
Mpenzi wa Arsenal,
Chumbageni, Tanga